Lugha Isiyoalikwa Likizoni

Wahenga walinena kwamba safari ni hatua. Hawakueleza hatua hiyo ya kwanza hupigwa kwa lugha ipi, labda kwa kuwa hawakuona haja. Msafiri wa enzi zao alipanga safari yake kwa lugha ile ile aliyoitumia kuagana na jirani. Siku hizi mambo yamegeuka. Katika Kenya ya leo, marafiki huweza kutaniana kwa Kiswahili mwaka mzima, wakajuliana hali kwa Kiswahili, wakafarijiana msibani kwa Kiswahili. Lakini siku wanapokaa kupanga mapumziko ya siku tatu katika hoteli yenye kiwanja cha gofu, Kiswahili huombwa kisubiri nje ya mlango. Jambo hili laonekana dogo. Si dogo hata chembe, na wanaopaswa kuwa wa kwanza kulitambua ni wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili.

Na uchukuliwe mfano wa marafiki wanane waliosoma pamoja katika chuo kikuu kimoja, wakahitimu, wakatawanywa na ajira. Yuko mwalimu wa Nakuru, karani wa benki wa Nairobi, muuguzi wa Eldoret, mfanyabiashara wa nguo wa Thika, na wenzao wanne. Wameazimia kukutana Vipingo, katika Kaunti ya Kilifi, kaskazini mwa Mombasa, palipo na kiwanja cha gofu cha mashimo 18 kwenye mwinuko unaotazama Bahari Hindi. Kiwanja hicho si kigeni kwa wapenzi wa mchezo huo: mwaka 2019 ndiko yalikofanyika mashindano ya kwanza ya Kenya Ladies Open, na Esther Henseleit wa Ujerumani akaibuka mshindi. Kati ya hao wanane, wanne hucheza gofu. Wanne waliosalia hawajawahi kushika hata fimbo moja ya mchezo huo. Wao wanafuata urafiki, bahari na usingizi.

Kundi kama hili lina mengi ya kuamua. Kwanza ni majira. Masika ya pwani hushamiri Aprili na Mei, na kiwanja kilicholowa hakimfurahishi mchezaji. Desemba nayo huwa na jua zuri, lakini hoteli hujaa na bei hupaa. Pili ni usafiri. Reli mpya ilianza kubeba abiria kati ya Nairobi na Mombasa mwaka 2017, lakini kituo cha Miritini hakiko Vipingo. Ni lazima pawe na gari la kuwafikisha ng'ambo ya Mtwapa. Tatu ni zamu ya kuanza kucheza, ambayo huwekwa mapema, kwa sababu wachezaji aghalabu huingia kiwanjani kwa makundi yasiyozidi wanne, na mzunguko mzima wa mashimo 18 hula saa nne au zaidi. Nne ni mavazi, maana viwanja vingi hudai shati lenye kola na hukataa jinzi. Tano ni wale wasiocheza: watafanya nini asubuhi nzima? Magofu ya Jumba la Mtwana yako karibu na Mtwapa. Na mji wa kale wa Gedi, ulioingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2024, unafikiwa kwa barabara ya kuelekea Malindi. Sita, na hili ndilo hutenganisha marafiki, ni pesa.

Hadi hapo mazungumzo yote yamekwenda kwa Kiswahili, tena Kiswahili cha kucheka. Kisha waraka wa bei unawasili kutoka hotelini, na wote umeandikwa kwa Kiingereza. Papo hapo sauti zinabadilika. Aliyekuwa akitania anakohoa na kurekebisha sauti. Mweka hazina, ambaye jana alikuwa akiwaita wenzake "jamani", leo anawaandikia kama meneja anayewaandikia wateja. Bei iliyomo ni ya kila mtu iwapo wawili watalala chumba kimoja. Anayetaka kulala peke yake ataongeza. Ada ya kiwanja haimo. Malipo ya mbeba mikoba hayamo. Amana ikishatolewa hairudishwi. Yote haya yamo katika waraka, lakini yamo kwa vifungu vifupi vya Kiingereza cha biashara ambavyo msomaji hupitisha macho juu yake kama anayepita makaburini usiku. Watu wanane wanatikisa vichwa. Hakuna anayeuliza.

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Msemo huo hufanya kazi vyema pale ambapo lugha ya kuulizia haimwaibishi muulizaji. Mhitimu wa chuo kikuu akiuliza maana ya kifungu cha Kiingereza, anaona kana kwamba anairudisha shahada yake mezani ikaguliwe upya. Hivyo ananyamaza. Analipa amana, na wiki mbili kabla ya safari anagundua kwamba fedha alizodhani zinatosha kila kitu zinatosha kitanda na chai ya asubuhi tu. Ndipo anapoanza kutafuta udhuru: mara mtoto ni mgonjwa, mara mkubwa wake kazini amemnyima ruhusa. Wenzake wanamwona mtu wa kughairi. Urafiki wa miaka kumi unaingia ufa, na ufa huo haukuletwa na umaskini pekee. Uliletwa pia na swali lililokosa lugha. Lau waraka ule ungeelezwa kwa Kiswahili siku ile ile ulipofika, yule muuguzi angesema bila haya, "Wenzangu, hiyo amana ni kubwa kwangu mwezi huu." Na mtu mmoja angejibu, "Basi tulipe kwa awamu."

Tena gofu yenyewe ina somo juu ya jambo hilo, ambalo limefungiwa ndani ya neno la kigeni. Kuna kipimo kiitwacho hendikapu. Maelezo yake kwa Kiswahili ni mepesi: ni hesabu ya uwezo wa mchezaji, inayomwezesha mchezaji dhaifu kupunguziwa mipigo ili ashindane na hodari kwa haki. Katika utaratibu wa kimataifa ulioanza kutumika mwaka 2020, kipimo hicho hufika hadi 54. Kwa maneno mengine, mchezo unaosifika kuwa wa wenye nacho umejengwa juu ya kanuni kwamba mwenye nguvu humwachia nafasi asiye nazo, wala hakuna anayeona aibu. Wale wanne wasiocheza wakifafanuliwa neno hilo kwa lugha wanayoifikiria, huenda mmoja wao akauliza swali lililokuwa likihitajika tangu mwanzo: mbona mchango wa safari nao usipimwe kwa hendikapu?

Wakifika Vipingo, watakutana na jambo la pili. Kiswahili, walichokiacha nje ya mpango, kimewatangulia kiwanjani. Kimebeba mikoba. Kinafyeka nyasi, kinatandika vitanda, kinapika samaki wa kupaka, kinalinda lango. Mbeba mikoba anayemfuata mchezaji kutoka shimo hadi shimo hafundishwi kazi yake na kitabu. Anaijua ardhi kwa nyayo. Atasema, "Mzee, leo kusi imeamka. Usilenge bendera, lenga ule mbuyu wa kushoto, upepo wenyewe utaurudisha mpira." Sentensi kama hiyo ina fizikia, jiografia na saikolojia ndani yake, nayo ni Kiswahili kitupu. Mchezaji huitii, kisha humgeukia mwenzake na kuusimulia mpigo ule kwa Kiingereza.

Hapo ndipo penye kiini cha hoja. Katika mapumziko ya namna hii, Kiswahili kimekuwa lugha ya anayehudumu, na Kiingereza lugha ya anayehudumiwa. Lugha ya kwanza inafanya kazi. Ya pili inapumzika. Lugha inayofanya kazi bila kualikwa kupumzika huishia kuonekana kama kibarua: huheshimiwa kwa jasho lake, haialikwi mezani. Ibara ya 7 ya Katiba ya mwaka 2010 ilikitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha mbili rasmi. Katiba hata hivyo haiwezi kumlazimisha mtu apange likizo yake kwa lugha fulani. Hilo ni suala la moyo na mazoea, na mazoea hujengwa na wasomi wa lugha kabla ya kujengwa na sheria.

Kinachosikitisha zaidi ni mahali penyewe. Vipingo iko katika mwambao uliokilea Kiswahili. Kiwanja cha mashimo 18 kilichoko huko kimepewa jina la mbuyu, lakini kwa Kiingereza: Baobab. Mti ambao mtoto wa pwani anaujua kwa matunda yake ya mabuyu umebadilishwa jina ili umpokee mgeni, na huenda mgeni mwenyewe angefurahia zaidi kuulizia maana ya jina asilolijua. Hata upepo unaowahangaisha wachezaji una majina kamili. Kaskazi huvuma tangu Desemba hadi Machi. Kusi hushika zamu yake kuanzia Aprili. Mabaharia waliita upepo wa mbele pepo za omo, na nyuma ya chombo wakaiita tezi. Mpigaji gofu anayetaka kusema kwamba upepo unampinga usoni hana haja ya kuazima neno kokote. Linamngoja pale ufukweni tangu zama za majahazi.

Wapo watakaosema kwamba gofu ni mchezo wa kuja, hivyo ni haki ubaki na lugha yake. Hoja hiyo haina mizizi. Mchezo wa kutia vitu mashimoni si mgeni kwa Mswahili. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64. Mchezaji huanza kwa kunamua, kisha hufikia hatua ya mtaji. Ana nyumba, ana kichwa, ana kimbi. Akikosa la kula hutakata. Huo ni msamiati wa burudani uliosukwa na watu waliokaa barazani kwa raha zao, si kwa amri ya ofisi yoyote. Unathibitisha kwamba Kiswahili kilikuwa na lugha ya starehe iliyokomaa kabla ya fimbo ya kwanza ya gofu kushuka katika bandari ya Mombasa.

Gofu nayo ni mwazimaji hodari. Ilikua Uskoti, ambako Bunge liliipiga marufuku mwaka 1457 pamoja na kandanda, kwa kuwa ziliwapotezea vijana muda wa kujifunza kupiga mishale. Jina la mbeba mikoba lilitokana na neno la Kifaransa lililomaanisha kijana anayejifunza uaskari. Wamarekani nao waliongeza majina ya ndege: kumaliza shimo kwa pigo moja chini ya kadirio wakakuita kindege, na kwa mapigo mawili chini wakakuita tai. Kama Waskoti waliazima, na Wamarekani wakabuni, Mswahili amekatazwa na nani?

Mfano wa kandanda uko karibu mno. Mchezo huo nao uliletwa na wageni. Leo shabiki wa Kisumu, Mombasa au Tanga humzungumzia mlinda lango, kiungo, mkwaju, kipenga na kuotea, bila kukumbuka kwamba maneno hayo yaliwahi kuwa mapya. Kona na penalti ziliingia na kuvaa kanzu ya Kiswahili, wala hakuna aliyelalamika. Kazi hiyo haikufanywa na kamati peke yake. Ilifanywa redioni, na watangazaji kama marehemu Leonard Mambo Mbotela, aliyefariki Februari 2025, ambao walilazimika kuueleza mpira kwa msikilizaji asiyeuona. Mtangazaji wa aina hiyo hakuwa na wakati wa kusubiri kamusi. Mpira ulikuwa unakwenda, naye ilimbidi aseme. Gofu haikupata bahati hiyo. Mashindano ya Kenya Open yalianzishwa mwaka 1967, na mabingwa wa dunia kama Seve Ballesteros wa Uhispania, aliyeshinda mwaka 1978, wakapita humo; lakini wasikilizaji wa Kiswahili hawakuzoeshwa kusimuliwa mchezo huo, pigo kwa pigo, kama walivyosimuliwa kandanda. Ukosefu wa istilahi haukutokana na upungufu wa lugha. Ulitokana na kutosemwa.

Wasomi wa Kiswahili hawawezi kunawa mikono katika hili. Mwanafunzi wa shule ya upili nchini Kenya hufundishwa sajili mbalimbali, ikiwemo sajili ya hotelini. Kila aliyepitia darasa hilo anaukumbuka mfano wake: mhudumu anaita, "Nani ugali kuku?" naye mteja anajibu, "Ni mimi hapa." Darasa zima hucheka, kwa kuwa mtu amegeuzwa kuku. Mfano huo ni wa kweli na una faida yake. Walakini, sajili ya hotelini katika mafunzo hayo huishia pale pale kwenye meza ya mkahawa. Ni nadra kuonyeshwa mtu anayeweka nafasi ya chumba, anayejadiliana kuhusu punguzo la kundi, anayeuliza kama amana hurudishwa, au anayelalamika kwa heshima kwamba kitanda si kile alicholipia. Mwanafunzi akahitimu akiamini kwamba Kiswahili hukoma kwenye sahani ya ugali, na kwamba kuanzia mapokezi ya hoteli kubwa ni zamu ya Kiingereza. Kisha anaajiriwa, anapata marafiki saba, anapanga safari ya Vipingo. Anafanya alivyofundishwa.

Kuna pingamizi nzito zaidi, nayo yafaa ijibiwe kwa heshima. Yupo atakayeuliza: katika nchi yenye njaa na ukosefu wa kazi, mwanafunzi wa Kiswahili ana shughuli gani na starehe za matajiri? Historia inampa nguvu muulizaji huyo. Vilabu vya kwanza vya gofu nchini vilianzishwa enzi za ukoloni, kama kile cha Nairobi cha mwaka 1906, na Mwafrika aliingia humo akiwa mbeba mikoba, si mwanachama. Lakini ni historia hiyo hiyo inayodai jambo hili lisipuuzwe. Anayekula kwa kazi ya kiwanjani ni msemaji wa Kiswahili. Ujuzi wake hauna jina rasmi, hivyo hauna cheti, na usio na cheti hulipwa bakshishi badala ya mshahara. Siku maarifa yake yatakapoandikwa kwa lugha anayoyasemea, yakawa na istilahi, mwongozo na mtihani, atakuwa na jambo la kumwonyesha mwajiri. Kuipa gofu Kiswahili ni kumpa mbeba mikoba karatasi mkononi, na kumpunguzia mwenye fimbo kiburi cha kudhani kwamba anayejua mchezo ni yeye tu.

Yanayohitajika si makubwa. Viwanja vya gofu viko Eldoret, Nakuru, Nyeri, Kakamega na Kisumu, yaani miji ambayo vyuo vikuu viko ndani yake au jirani nayo. Chuo Kikuu cha Pwani kiko Kilifi, kaunti ile ile ya Vipingo. Chama cha wanafunzi wa Kiswahili kinaweza kutuma watu wawili wenye daftari wakae na wabeba mikoba kwa wiki moja, wasikilize, waandike. Wataorodhesha wanavyoviita vile vishimo vya mchanga, zile nyasi zilizokatwa kama zulia, lile pigo dogo la mwisho. Baadhi ya maneno yatakuwa ya mkopo, mengine ya Sheng, mengine yatakuwa lulu. Mhadhiri wa istilahi atayapepeta pamoja na wanafunzi wake. Mwanafunzi wa tafsiri naye atachukua waraka mmoja wa bei za hoteli, autafsiri mwanzo hadi mwisho, ili yeyote atakayepanga safari ya kundi awe na kielelezo: chumba cha watu wawili, ada ya kiwanja, amana isiyorudishwa, siku ya mwisho ya kughairi. Kurasa mbili zatosha. Zitatumiwa na watu wengi kuliko tasnifu nyingi zinazolala rafuni.

Na wale marafiki wanane wana la kufanya wenyewe, bila kungoja chuo wala chama. Mweka hazina akiupokea waraka wa hoteli, aukalie usiku mmoja na kuwaandikia wenzake kwa Kiswahili kile wanacholipia, shilingi kwa shilingi, na kile wasicholipia. Maswali yaulizwe katika lugha ya vicheko vyao. Fungu la mbeba mikoba litengwe tangu mwanzo, lisiwe sarafu zilizosalia mfukoni siku ya mwisho. Wasiocheza wachaguliwe njia ya kwenda Gedi, na wanaocheza wawaeleze jioni kilichotokea kwenye shimo la tisa, kwa maneno ambayo hata mhudumu anayeleta chai atayafuata na, akitaka, atie neno. Akitia neno, wamsikilize. Yamkini upepo wa mahali pale anaujua kuliko wote waliokaa mezani.